Wamama Hawakuondoka

Foleni ya pasipoti pale Nyayo House ni mahali pazuri pa kuwaza. Uko na karatasi zako mkononi, mbele yako kuna msichana anayeenda Qatar kutafuta kazi, nyuma yako kuna jamaa anayeenda kokote kule watakakomkubali. Siku niliyoenda mimi, mamangu alinisindikiza kwa sababu alikuwa na shughuli zake mjini. Tukiwa bado nje akanyoosha kidole ng'ambo ya Uhuru Highway, kwenye miti ya Uhuru Park, akasema, "Pale ndipo wale wamama walivua nguo."

Hiyo stori nilikuwa nimeisikia vile Wakenya wengi huisikia, nusu nusu. Wangari Maathai, polisi, wamama, nguo. Kitu sikuwa najua ni kwamba mamangu aliwaona kwa macho yake. Mwaka wa 1992 alikuwa na miaka 22, akisomea kupiga taipu kwenye chuo kimoja mjini, na kila jioni alipita karibu na ile kona akienda kupanda matatu.

"Walikuwa wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Walikuwa wamekaa tu."

Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini kama vijana wengi wa rika langu, na chupa ya maji, simu na bendera. Tuliinua mikono juu ili karao waone hatuna silaha. Siku hiyo hiyo watu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake rais akakataa kutia saini ule Mswada wa Fedha. Sasa, tulishinda ama tulishindwa? Kwenye grupu yetu ya WhatsApp huo mjadala haujawahi kuisha. Kuna rafiki yangu anayesema maandamano ya amani ni njia ya kujipanga vizuri ili upigwe risasi ukiwa msafi. Kuna mwingine anayesema tungeenda na mawe tungekufa wengi zaidi na mswada ungepita. Mimi nimekuwa upande wa huyu leo na upande wa yule kesho.

Kwa hivyo nilirudi kuwasoma wale wamama. Sikuwa natafuta kufarijiwa. Nilitaka kujua walifanya nini hasa, siku baada ya siku, kwa sababu kila mara tunaambiwa "walipinga kwa amani" kana kwamba hilo neno amani linatosha kueleza kila kitu.

Tuanze na lile jengo lenyewe la pasipoti. Katika miaka ya themanini, hasa kuanzia 1986 wakati serikali ya Rais Moi ilipokuwa ikiwasaka watu iliodai ni wa kundi la Mwakenya, Nyayo House ilikuwa na kazi nyingine. Chini ya ardhi kulikuwa na vyumba vidogo vya giza. Mtu aliwekwa humo, sakafu inamwagiwa maji, analala humo humo, kisha anapandishwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa na kupigwa hadi akubali kosa. Waliopitia humo walikuwa wahadhiri, wanafunzi, mawakili, waandishi wa habari, watu wa kawaida. Vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione mwezi Februari 2003, baada ya Moi kuondoka madarakani. Kabla ya hapo, mtu akikuambia ameteswa Nyayo House alikuambia kwa kunong'ona, na wewe ulijifanya hujasikia.

Mwisho wa 1991 mambo yalianza kulegea kidogo. Kifungu cha 2A cha katiba, kile kilichowekwa 1982 kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, kiliondolewa Desemba 1991. Vyama vingi vikaruhusiwa. Watu wakashangilia. Lakini kulikuwa na swali ambalo halikuwa na jibu: kama sasa ni halali kudai vyama vingi, mbona waliofungwa kwa kudai hayo hayo bado wako ndani?

Hilo swali liliulizwa na wazazi wao. Mmoja wao alikuwa Monica Wamwere kutoka Nakuru, mamake Koigi wa Wamwere. Koigi aliwahi kuwa mbunge wa Nakuru North. Aliwekwa kizuizini 1975, akatoka 1978. Akawekwa tena 1982, akatoka 1984. Akatorokea Norway, kisha Oktoba 1990 akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Hebu fikiria mama ambaye ameshaenda kumtafuta mwanawe kwenye magereza mara tatu. Akina mama kama yeye walimwendea Wangari Maathai, ambaye miaka michache tu kabla, 1989, alikuwa ameongoza vita vya kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa sana kwa hilo, lakini wafadhili wakajiondoa na mwishowe mradi ukaachwa. Yaani hata hiyo bustani waliyokuja kukaa ilikuwapo kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa mkaidi.

Ijumaa tarehe 28 Februari 1992, wamama hao pamoja na Wangari walienda kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako. Walikuwa na dai moja, na dai hilo lilikuwa na nambari: wafungwa 52 wa kisiasa waachiliwe. Hawakusema "tunataka haki" au "tunataka mabadiliko." Walisema wana wetu ni 52, na hatuendi nyumbani bila wao. Walipoambiwa warudi nyumbani serikali ishughulikie, walijibu kwamba watangojea Uhuru Park. Wakabeba blanketi zao wakavuka, wakakaa kwenye ile kona ambapo Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway, wakaanza mgomo wa kula. Wakaipa hiyo sehemu jina, Freedom Corner. Tangu siku hiyo ndivyo inavyoitwa.

Hapa nilitua kidogo nikafikiria kuhusu sisi. Maandamano yetu yana mwendo: tunakutana asubuhi, tunatembea, tunakimbizwa, jioni tunarudi Roysambu na Rongai kupika. Wao hawakutembea. Waliketi mahali ambapo kila gari linaloingia mjini kutoka Westlands au Mombasa Road lingewaona, mbele kabisa ya lile jengo ambalo kila mtu aliliogopa. Na hawakutaja saa ya kuondoka. Ukiwa serikali, mtu anayeandamana unaweza kumsubiri achoke. Mama wa miaka sitini ambaye ameketi, hali, hatukani mtu na haendi popote, utamfanya nini? Ukimwacha, kesho watakuwa wengi zaidi. Ukimpiga, kila mtu atakuona ukimpiga.

Na kweli kesho yake walikuwa wengi zaidi. Watu walianza kuja na maji, blanketi, maombi. Halafu kukatokea kitu ambacho nadhani hata wamama wenyewe hawakukipanga. Wanaume waliokuwa wamepitia kwenye vile vyumba vya chini walianza kusimama mbele ya umati na kueleza walichofanyiwa. Mchana kweupe, hatua chache tu kutoka Nyayo House, kile kitu kilichokuwa kinanong'onwa kikasemwa kwa sauti. Mimi naona hapo ndipo serikali ilipoanza kuogopa. Wamama wachache wenye njaa wangeweza kuvumiliwa. Lakini ile kona ilikuwa imegeuka mahali ambapo woga ulikuwa unawatoka watu, na serikali ile ilikuwa ikitegemea woga kuliko ilivyotegemea polisi.

Jumanne tarehe 3 Machi polisi wakaja. Walitumia vitoa machozi na rungu. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Katika ile vurugu, baadhi ya wamama wakavua nguo mbele ya polisi.

Nataka tukae hapa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ambayo huwa inasimuliwa vibaya. Mtandaoni utakuta watu wakiieleza kama aibu, au kama hasira tu za wamama. Haikuwa hivyo. Kwa Wakikuyu, na kwa jamii nyingi za Kenya, mwanamke aliyefika umri wa kukuzaa akikuonyesha uchi wake kwa makusudi, amekulaani. Anakwambia: hapa ndipo ulipotoka, na kama unaweza kunipiga mimi, basi wewe si mtoto wa mtu. Wale polisi walikuwa vijana, na walilelewa kwa mila hizo hizo. Kuna waliogeuza nyuso zao.

Na haikuwa mara ya kwanza Nairobi. Machi 1922, serikali ya wakoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipinga kipande, kodi kubwa, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya masetla. Watu wakagoma, wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na pale ilipo Central leo. Wajumbe wanaume walienda kuongea na wakubwa, wakarudi wakiwaambia watu watawanyike. Wengine wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wale wanaume wachukue nguo yake na wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, na zaidi ya watu 20 waliuawa siku hiyo, tarehe 16 Machi. Masimulizi ya waliokuwepo yanasema hata masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua zao.

Katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuna sanamu ya Gandhi. Sina shida nayo. Wahindi wa Kenya walichangia pesa zao nyingi kujenga pale, na yule mzee alifundisha dunia mengi. Lakini ni mwendo wa dakika chache tu kutoka kwa sanamu hiyo hadi mahali ambapo Nyanjiru alianguka, na nilisoma miaka minne pale bila mtu kuniambia. Kwa hivyo tukakua tukidhani kupinga bila silaha ni kitu cha kuletwa, kitu cha watu wapole waliovaa shuka nyeupe, na kwamba njia "yetu" ni panga na mawe. Kumbe nyanya zetu walikuwa na silaha yao ambayo haikumwaga damu ya mtu, na ilitisha. Siwezi kuiita upole. Laana ni nguvu. Kukataa kula mbele ya mtu mpaka aone haya ni nguvu pia. Tofauti yake na bunduki ni kwamba inamwacha adui akiwa hai, na anabaki na uamuzi wa kufanya huku watu wote wanamtazama.

Baada ya lile shambulio la 3 Machi, polisi waliwabeba wale wamama kwa nguvu wakawarudisha makwao. Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema wameshindwa, na labda tungekuwa na hashtegi nzuri ya kuwakumbuka. Lakini walirudi. Walipanda magari wakarudi Nairobi, na kwa kuwa bustani ilikuwa imezingirwa, wakaingia All Saints Cathedral, pale juu kidogo. Kanisa likawafungulia. Wakakaa kwenye chumba cha chini cha kanisa. Sio wiki moja, sio mwezi mmoja. Walikaa karibu mwaka mzima.

Mwaka mzima, jamani. Ndani ya huo mwaka kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyekuja. Kulikuwa na kufua, kupika, kuugua, kuombeana, na kuwaza shamba la nyumbani linalimwa na nani. Sehemu hiyo haina picha, na ndiyo maana hatuifahamu. Nchi iliendelea na mambo yake. Upinzani ukagawanyika. Uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992, Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi ya kura kwa sababu wapinzani wake waligawana zilizobaki. Wamama bado walikuwa kule chini.

Mwanzoni mwa 1993, karibu wote kwenye ile orodha ya 52 walikuwa wameachiliwa. Koigi alitoka Januari.

Sitaki kukudanganya kwamba ulikuwa mwisho mtamu. Koigi alikamatwa tena mwaka huo huo wa 1993, na baadaye akafungwa kwa kesi ya wizi wa mabavu ambayo watu wa haki za binadamu ndani na nje ya nchi waliipinga. Moi alitawala miaka mingine kumi. Tuzo ya Nobel ambayo Wangari alipewa 2004 haikuponya kichwa kilichopigwa rungu. Rafiki yangu wa WhatsApp akisema amani haizuii risasi, anasema ukweli. Nyanjiru hakuwa na bunduki na alipigwa risasi. Vijana wa 2024 hawakuwa na bunduki na walipigwa risasi.

Lakini sasa naona tulikuwa tunabishana juu ya swali lisilo sahihi. Tulikuwa tunauliza kama amani inafanya kazi, kana kwamba ni panadoli, umeze ungojee. Wale wamama hawakushinda kwa sababu hawakurusha mawe. Walishinda kwa sababu hawakurusha mawe na hawakuondoka. Walikuwa na dai ambalo ungeweza kulihesabu. Walikuwa na mahali. Walikuwa na kanisa lililokubali kufungua mlango huku polisi wakiwa nje. Na walikuwa na watu wa kuwaletea maji. Ukiondoa hata kimoja, sijui kama wangemaliza mwezi.

Hiyo ya maji ndiyo ilinirudisha kwa mamangu. Nilimpigia simu jioni moja nikamuuliza kama aliwahi kuwapelekea chochote. Alinyamaza kidogo.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa napita nikiangalia chini. Siku nne hivyo. Nilikuwa na shilingi za matatu na za mkate. Ningeweza kuwapa maji. Niliogopa kuna mtu ananiandika jina."

"Kila mtu alikuwa anaogopa, Ma."

"Sio kila mtu. Si nimekwambia kulikuwa na watu?"

Sikuwa na la kumjibu. Na si kwamba mimi ni bora. Katika mtaa wetu kuna kijana aliyepigwa risasi ile Jumanne ya Juni. Hakuwa rafiki yangu wa karibu, lakini tulikuwa tunasalimiana kwa kinyozi. Wiki ya kwanza tulichanga, tulivaa tisheti zenye picha yake, tukapiga kelele mtandaoni. Halafu kazi, kodi ya nyumba, maisha. Mamake bado anaenda kortini. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Anapanda matatu mbili, anaketi kwenye benchi, anaambiwa arudi tarehe fulani, na anarudi. Harushi mawe na hatukani mtu. Anafanya kile kile Monica Wamwere alifanya, ila yeye yuko peke yake kwenye hilo benchi, na wale waliokuwa wakiimba jina la mwanawe, mimi nikiwemo, tuko kwenye simu tukibishana kama amani inafanya kazi.

Nimeenda naye mara moja tu. Hakuna kilichotokea. Tuliketi saa tatu, jina la kesi likasomwa, dakika mbili tukawa nje. Nilinunua soda mbili na tukanywa tukiwa tumesimama kwenye kivuli. Aliniuliza kama nimeoa, nikamwambia bado, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kabla ya kuachana alinishika mkono akaniambia, "Asante kwa kuja kukaa."

Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya simu na nimewaambia wale wa grupu, wote wawili, yule wa mawe na yule wa amani. Mmoja amesema atakuja. Mwingine bado hajajibu. Mamangu hakungoja kuulizwa. Amesema anakuja, na atabeba maji.